Bunduki Nne za Pwani Yetu: Uimara Wake, Utumizi Wake, na Hatari Inayomwachia Raia

Somo la toleo hili linahusu bunduki. Hatukusudii kumfundisha yeyote kupiga risasi. Kazi hiyo ina wenyewe na ina viapo vyake. Tunachokusudia ni kuzieleza bunduki nne ambazo historia imezileta katika ardhi hii, kuzilinganisha kwa uimara na kwa namna zinavyomtii au kumwasi anayezishika, kisha kuonyesha kwa nini kila moja ni hatari kwa raia anayeikuta shambani, kisimani au ndani ya nyumba aliyoikimbia.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya maneno tunayoyasikia barazani. Mmoja husema bunduki fulani haifi hata ikizikwa. Mwingine husema ile yenye kutu haina tena madhara, mpe mtoto aichezee. Wa tatu husema ukishachomoa magazini umekwisha kuimaliza. Katika maneno hayo matatu, la kwanza lina chembe ya ukweli, na mawili yaliyobaki yanaweza kuua. Njia bora ya kumjibu msemaji ni kumweleza jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Silaha katika historia ya Ruvuma

Nchi yetu ya mpakani imepitiwa na majeshi mengi, na kila jeshi liliacha chuma chake. Tarehe 25 Novemba 1917 askari wa Kijerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno pale Negomano. Walikuja wakiwa na upungufu mkubwa wa risasi; waliondoka wakiwa wamebeba bunduki na risasi za Wareno. Tangu siku zile jambo moja halijabadilika: bunduki ikiletwa mpakani na mmoja, aghalabu humalizia mikononi mwa mwingine.

Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza Chai, katika wilaya ya Macomia. Wapiganaji wa FRELIMO, waliofunzwa Kongwa na Nachingwea nchini Tanzania, walibeba silaha zilizotoka Urusi ya Kisovieti, China na nchi rafiki. Wareno nao walibeba silaha zilizobuniwa Ujerumani na Ubelgiji. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975 vikaja vita vya ndani, vilivyomalizika kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Kisha, tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na tarehe 24 Machi 2021 ikafuata Palma. Mto haukuwa ukuta: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, nacho kilishambuliwa na watu waliotoka upande wetu. Kwa hiyo yule anayerejea leo kulima shamba la babu yake anaweza kukutana na chuma cha vita chochote kati ya hivyo.

Maana ya bunduki inayojijaza

Bunduki za zamani zilimtaka mpigaji avute komeo kwa mkono baada ya kila risasi. Gobore, ambalo bado wawindaji wengine wanalijua, huhitaji kazi zaidi: baruti, kitambaa na gololi hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu kila mara. Bunduki inayojijaza, ambayo wataalamu huiita ya nusu-otomatiki, hutumia nguvu ya risasi iliyokwisha kupigwa ili kulitupa nje ganda tupu, kurudisha komeo nyuma, na kuingiza risasi nyingine ndani ya chemba. Mpigaji huvuta kifyatulio mara moja, hutoka risasi moja, na ya pili huwa imekwisha kukaa tayari. Baadhi ya bunduki tutakazozitaja zina pia mpango wa kumimina risasi mfululizo.

Msomaji ashike vizuri neno hilo "tayari". Bunduki inayojijaza ikiachwa katikati ya mapigano, mara nyingi huachwa ikiwa na risasi ndani ya chemba, kwa sababu hiyo ndiyo hali yake ya kawaida baada ya kupigwa. Aliyeidondosha akikimbia hakupata muda wa kuitoa. Hapo ndipo hatari yote ya somo hili inapoanzia.

Ya kwanza: SKS, inayoitwa pia SAR

Bunduki hii ilibuniwa na Sergei Simonov wa Urusi ya Kisovieti na hubeba mwaka wa 1945 katika jina lake. China nayo iliitengeneza kwa wingi. Jirani zetu wa Tanzania wameizoea kwa jina la SAR, na jina hilo limevuka mto. Ni ndefu, takribani sentimita 102, ina uzito wa karibu kilo 4, na mwili wake karibu wote umevikwa mti. Nyingi zina singe inayokunjwa chini ya mtutu. Hubeba risasi 10 katika kisanduku kilichofungwa chini ya bunduki.

Kwa mpigaji, SKS ni bunduki tulivu. Urefu na uzito wake hupunguza mrusho, na kwa kuwa hupiga risasi moja moja, humlazimisha mtu kulenga. Udhaifu wake ni idadi ndogo ya risasi na taratibu ya kuijaza upya. Kwa uimara imesifika, maana vipande vyake ni vinene na vichache.

Lakini ina mambo mawili ambayo raia anapaswa kuyajua. La kwanza, kisanduku chake cha risasi hakichomoki kama magazini ya kawaida. Anayetafuta magazini ya kuondoa hataiona, naye anaweza kudhani kwamba bunduki ni tupu. La pili, katika SKS nyingi pini inayogonga kitako cha risasi huelea huru bila springi ya kuirudisha. Pini hiyo ikishikwa na kutu au mafuta yaliyoganda huweza kukwama ikiwa imechomoza mbele. Hapo komeo likifungwa tu risasi hulipuka, ingawa hakuna aliyegusa kifyatulio. Bunduki iliyolala matopeni miaka kadhaa ndiyo hasa yenye kutu na mafuta yaliyoganda.

Ya pili: Kalashnikov

Huyu hahitaji utangulizi, kwani sura yake imo katika bendera ya taifa letu iliyokubaliwa tarehe 1 Mei 1983, pamoja na jembe na kitabu. Mikhail Kalashnikov aliikamilisha mwaka 1947, na umbo lake jepesi zaidi, AKM, lilitoka mwaka 1959. Ng'ambo ya Ruvuma polisi na wananchi huiita SMG. Ina urefu wa sentimita 88 hivi, na AKM tupu ina uzito wa kilo 3 na kitu. Magazini yake iliyopinda kama mundu hubeba risasi 30, za aina ileile inayotumiwa na SKS.

Sifa yake ya kutokufa ina sababu zinazoelezeka. Pistoni yake imeungana na komeo na husukumwa pamoja nalo kwa nguvu kubwa kuliko inayohitajika. Nafasi kati ya vipande vinavyosuguana imeachwa pana, hivyo mchanga na masizi hupata pa kukaa bila kuzuia mwendo. Risasi yake ina ganda lililochongoka kidogo kuelekea mbele, jambo linaloirahisishia kuingia na kutoka. Ndani ya mtutu na chemba mmepakwa kromu inayozuia kutu. Mbunifu alikubali kupoteza kiasi cha ulengaji ili apate chombo kinachoendelea kufanya kazi mikononi mwa askari asiyekuwa na mafuta wala kitambaa.

Hata hivyo, si kweli kwamba haikwami. Magazini iliyobonyea, springi iliyochoka au risasi iliyooza huikwamisha kama bunduki nyingine yoyote. Na ikimimina risasi mfululizo, mtutu hupanda juu, na asiyefunzwa hupoteza udhibiti mara moja. Risasi zake huenda kwa wasiohusika.

Jambo la kukumbuka kwa raia ni kwamba komeo la Kalashnikov halibaki wazi risasi zinapokwisha. Iliyojaa na iliyo tupu hufanana kwa nje. Na aliyechomoa magazini hajaiondoa risasi iliyokwisha kuingia ndani ya chemba. Risasi hiyo moja inatosha.

Ya tatu: G3

Wazee waliokuwa vijana wakati wa Wareno wanaikumbuka. Jeshi la Ureno liliichagua mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye ikatengenezwa Lisboa katika kiwanda cha Braço de Prata kwa idhini ya Wajerumani. Kenya nayo iliipa majeshi yake bunduki hiyo kwa miaka mingi. Ina uzito unaozidi kilo 4 na urefu wa zaidi ya mita 1, na magazini yake iliyonyooka hubeba risasi 20.

G3 haina pistoni. Komeo lake hucheleweshwa na magurudumu mawili madogo ya chuma yanayobana kando, mpaka nguvu ya risasi ipungue, ndipo lifunguke. Ndani ya chemba mmechongwa mifereji myembamba ili gesi ipite pembeni mwa ganda na kulizuia lisigande. Mifereji hiyo huacha mistari myeusi juu ya ganda lililotupwa. Kwa mistari hiyo, mpelelezi anayeokota ganda njiani hutambua kwamba G3 ilipita hapo hata kama bunduki yenyewe haipo. Hii ni sababu mojawapo ya sisi kuwaomba msiokote maganda wala kuyafanya mapambo ya watoto.

Kwa uimara, G3 ni ngumu, lakini hutaka usafi zaidi kuliko Kalashnikov, kwa maana gesi na masizi hurudi ndani ya mtambo wenyewe. Kwa utumizi, komeo lake ni zito kuvuta, na mrusho wake begani ni mkali. Risasi yake ni ndefu kuliko ya Kalashnikov na hubeba nguvu inayokaribia mara moja na nusu ya ile. Nyumba zetu za miti na udongo, zilizoezekwa kwa makuti, haziwezi kuizuia. Risasi iliyoponyoka katika uwanja wa jirani huingia chumbani mwako.

Ya nne: FAL

FAL ilitoka Ubelgiji, katika kiwanda cha FN kilichopo Herstal, kwa mkono wa mbunifu Dieudonné Saive, na ilianza kutengenezwa mwaka 1953. Ilienea katika nchi zaidi ya 90. Wareno waliitumia pamoja na G3. Afrika Kusini iliitengeneza kwa jina la R1. Na majeshi ya Rhodesia yaliibeba yalipovuka mpaka kuishambulia nchi yetu katika miaka ya 1970. Ni ndefu kuliko zote nne, karibu sentimita 109, na hupiga risasi ileile ya G3.

Mpigaji aliyefunzwa huisifu kwa ulengaji na kwa jinsi inavyokaa vizuri mikononi. Ina pistoni fupi na kirekebishi cha gesi ambacho mwenyewe hukizungusha kulingana na hali. Kirekebishi hicho ni msaada kwa anayekijua na tatizo kwa asiyekijua, kwani kikiwekwa vibaya au kikijaa masizi, bunduki hukwama. Katika mchanga wa jangwani ilileta malalamiko. Jeshi la Israeli, baada ya vita vya mwaka 1967, liliamua kutafuta bunduki nyingine, na lile Galil walilolitengeneza lilifuata mfumo wa Kalashnikov. Mchanga wa pwani yetu na chumvi ya bahari ni ndugu wa mchanga ule.

Tukizilinganisha

Tukizipanga kwa uvumilivu wa uchafu, Kalashnikov hutangulia, SKS huifuata kwa karibu, kisha G3, na FAL huwa ya mwisho. Tukizipanga kwa ulengaji wa mbali, mpangilio karibu hugeuka: FAL na G3 hutangulia, SKS hukaa katikati, na Kalashnikov hubaki nyuma. Kwa wepesi wa kubeba na kutumia, Kalashnikov haina mpinzani. Ndiyo maana imeonekana mikononi mwa watoto katika vita vingi vya Afrika, na hiyo ni aibu ya waliowapa.

Huo ndio upimaji wa askari. Raia hupima kwa mizani nyingine. Kwa askari, bunduki bora ni ile inayofanya kazi hata baada ya kutelekezwa. Kwa mkulima aliyeikuta chini ya mkorosho, sifa hiyohiyo ndiyo balaa: kadiri chombo kinavyovumilia matope, ndivyo kinavyobaki na uwezo wa kuua baada ya mwenyewe kuondoka. Nayo bunduki isiyovumilia matope haina heri zaidi. Ile inayokwama huweza kushikilia risasi ndani, ikasubiri mtikisiko, na mtu hawezi kubashiri itakapoachia. Kwa hiyo iliyo imara ni hatari kwa kuwa itapiga, na iliyo dhaifu ni hatari kwa kuwa hujui itapiga lini.

Dhana tatu zinazopaswa kuachwa

Ya kwanza ni kwamba kutu huua bunduki. Kutu huanza nje, kwenye kitako na kwenye ngozi ya chuma. Ndani ya mtutu uliopakwa kromu hali huweza kuwa tofauti kabisa. Risasi nazo, hasa za kijeshi, huzibwa kwa rangi ya kuzuia maji pale ganda linapokutana na kichwa cha risasi na pale ilipo fataki, ili zidumu ghalani miaka mingi. Bunduki inaweza kuonekana kama mzizi mkavu, na ndani yake risasi ikawa nzima.

Ya pili ni kwamba swichi ya usalama hutosha. Swichi hiyo iliwekwa kumlinda askari asivute kifyatulio kwa bahati mbaya. Haikubuniwa kuilinda bunduki iliyolala miaka mitano, iliyoliwa na kutu, iliyokanyagwa na ng'ombe au kugongwa na jembe. Pia nafasi zake hutofautiana kutoka bunduki moja hadi nyingine, na anayeigusa kwa kubahatisha anaweza kuitoa kwenye usalama huku akidhani anaiweka.

Ya tatu ni kwamba mtoto atajifunza kwa kuona. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wembe hukata kidole, mtoto akalia, akajifunza, akapona. Bunduki haina somo la pili. Kwa hiyo mzazi awafundishe wanawe kwa maneno, kabla ya mvua, kabla ya kwenda kuchanja kuni, kabla ya kwenda kuvua kaa mikokoni: ukiona chuma usichokijua, usikiguse, rudi uniambie.

La kufanya ukiikuta

Kwanza, simama ulipo. Usiinue, usipige teke, usiifunike kwa mchanga, usiivute kwa kamba. Silaha iliyolala wazi njiani au mlangoni huenda imeunganishwa na kilipuzi, na aliyeitega hutegemea udadisi wa mpita njia.

Pili, rudi kwa njia uliyoijia, ukikanyaga palepale ulipokanyaga. Waondoe watoto na mifugo. Ukiweza, weka alama mbali na mahali penyewe, kama kitambaa juu ya mti unaojulikana, bila kusogea karibu tena.

Tatu, toa taarifa. Mwendee sekretari wa mtaa, regulo au mzee wa kijiji, kisha pamoja naye mfike posto ya polisi iliyo karibu. Sema mahali, siku, ulichokiona, na nani mwingine aliyekiona. Maelezo machache ya kweli yanatufaa kuliko mengi ya kukisia.

Nne, na hili tunalisisitiza kuliko yote: usiibebe bunduki kuileta kwetu. Katika wilaya zetu doria ni nyingi, zetu na za majeshi rafiki. Mtu aliyevaa kiraia na kushika bunduki akionekana kwa mbali, hakuna awezaye kusoma nia yake. Wema wa mtu huyo unaweza kumgharimu maisha kabla hajapata nafasi ya kusema neno. Sisi ndio tutakaoifuata silaha. Silaha isije kwetu juu ya bega lako.

Wavuvi wetu nao wana shida yao, maana nyavu huleta juu yaliyozama. Ikiwa bunduki imeingia wavuni na tayari imo chomboni, iacheni ilivyolala, wala msiisafishe. Watu wasikae upande ulikoelekea mtutu. Mkikaribia nchi, msiiteremshe ufukweni penye watu. Mtangulizeni mmoja wenu alete polisi. Msiitupe tena majini pale mwanya wa kuvulia ulipo, kwani kesho itamrudia mwenzenu.

Na ikiwa silaha imekwisha kuingia ndani ya nyumba, labda mtoto aliileta, labda iliachwa na waliopita, msiihamishe usiku kwa hofu. Tokeni nyumbani, fungeni mlango, mwendeeni mzee, mje pamoja.

Kuhusu hofu ya kutoa taarifa

Tunajua kwamba wako wanaonyamaza wakiwaza: nikisema nimeona bunduki, nitaulizwa niliionaje, na mimi ni nani. Hofu hiyo ina asili yake katika miaka tuliyopitia, na hatuidharau. Ndiyo sababu tunashauri taarifa itolewe kupitia kiongozi wa mtaa na mbele ya mashahidi, na ndiyo sababu tunawaomba msiiguse: mikono isiyogusa silaha haina cha kujieleza. Kuulizwa maswali ni sehemu ya kazi ya polisi, na yule aliyekuja mwenyewe, mchana, na mzee wake, amekwisha kujibu swali lililo kubwa kuliko yote.

Kuna faida nyingine ya kuiacha ilivyo. Kila bunduki ina maandishi yake. Nyingine hubeba nyota, nyingine mshale ndani ya pembetatu, nyingine namba 66 ndani ya pembetatu kwa zile za Kichina, na zote hupaswa kuwa na namba ya pekee. Namba hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha silaha. Kwayo huweza kufuatiliwa imetoka ghala gani na imepitia mikono ya nani. Itifaki ya SADC kuhusu silaha, iliyotiwa saini Blantyre mwaka 2001, inazitaka nchi zetu, Msumbiji na Tanzania zikiwemo, ziziwekee silaha alama na kumbukumbu kwa sababu hiyo. Anayeisugua kwa mchanga ili ing'ae anaweza kuwa anakifuta cheti hicho.

Yaliyokwisha kufanyika yanaweza kufanyika tena

Nchi yetu ina historia njema katika jambo hili. Tangu mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, liliendesha mpango wa kugeuza silaha kuwa majembe. Aliyesalimisha silaha alipewa kitu cha kumsaidia kuishi: jembe, baiskeli, cherehani. Silaha zenyewe zilikatwakatwa. Wasanii wa Maputo walizichukua zile nyama za chuma wakaziunganisha. Kiti kilichotengenezwa na Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, mwaka 2001, kimo leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Katika kiti kile Kalashnikov na G3, zilizolengana pande mbili za vita moja, zimeshikana mwili mmoja na hazipigi tena.

Mwaka huohuo wa 1995 polisi wa Msumbiji na wa Afrika Kusini walianza operesheni ya pamoja iliyopewa jina la Rachel, ya kuyatafuta maghala yaliyofichwa na kuyateketeza. Maelfu ya bunduki yaliharibiwa katika miaka iliyofuata. Maghala ya namna hiyo hayaonekani kwa anayepita juu ya gari. Anayeyajua ni mtu wa pale: mkulima aliyelima, mchungaji aliyepita, mama aliyekwenda kuteka maji. Bila ulimi wao doria huzunguka juu ya ardhi iliyonyamaza.

Nchi yetu ilitangaza mwaka 2015 kwamba imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini yaliyokuwa yakijulikana. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 20 tangu vita kwisha, nayo ilifanywa hatua kwa hatua, shamba kwa shamba. Hatari mpya iliyoletwa na vita vya sasa nayo itaondolewa kwa subira ileile, na kila bunduki inayoripotiwa kabla haijaguswa ni hatua moja.

Maswali ya kujadiliwa barazani, shuleni na madrasani

1. Kwa nini bunduki inayosifiwa kwa uimara ni hatari zaidi kwa aliyeikuta kuliko kwa aliyeibeba?

2. Mtu amechomoa magazini ya Kalashnikov na kusema sasa ni salama. Mweleze alipokosea.

3. Je, ni kwa sababu gani mtu hawezi kuitambua SKS iliyojaa kwa kutafuta magazini yake?

4. Mtoto amekuja nyumbani na maganda matatu yenye mistari myeusi. Mistari hiyo inatokana na nini, na mzazi afanye nini?

5. Taja sababu mbili za kutobeba silaha kuipeleka polisi.

6. Katika mtaa wenu, ni nani mngemwendea kwanza? Kubalianeni jina lake leo, mbele ya watoto, kabla haja haijafika.